Mlezi wa kitaaluma anasema nikate nusu ya utafiti, Profesa wangu hajui kama yupo

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Niko masomoni, nasomea uzamivu wa sayansi ya kompyuta. Nimeolewa, nina watoto wawili, mdogo ameanza chekechea mwaka huu.

Utafiti wangu unahusu wauguzi wa zahanati. Nadhani unavifahamu vitabu vya MTUHA, yale madaftari makubwa ambayo muuguzi huyajaza kila anapomhudumia mtu. Siku hizi kuna vishikwambi na mifumo ya kompyuta, lakini madaftari hayajaondoka. Muuguzi yuleyule anaandika jambo lilelile mara mbili, pengine mara tatu, huku kina mama wa kliniki wamejaa kwenye mabenchi wanamsubiri. Nimekaa nao, nimewaona wakijaza daftari kwanza halafu jioni wanabaki kujaza kishikwambi kwa kukumbuka. Nataka kuelewa wanaamuaje kipi kiandikwe kwanza na kipi kiachwe. Hiyo ni nusu ya kwanza ya kazi yangu. Nusu ya pili ni kutengeneza programu itakayowapunguzia mzigo, na hiyo imetoka kwenye mradi wa Profesa anayenisimamia. Mradi una ufadhili wa nje, na ndio unaonilipia ada na nauli za kwenda zahanati.

Mama, Profesa si mtu mbaya. Akinipa saa moja natoka na mwanga wa kunitosha muhula mzima. Tatizo ni kuipata hiyo saa. Ana wanafunzi wengi, ana kamati, ana safari. Sura niliyompelekea kabla ya mvua za masika bado iko mezani kwake.

Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwenye mpango wa ulezi wa wanafunzi wa uzamivu unaoendeshwa na kongamano kubwa la kimataifa la wataalamu wa mawasiliano kati ya binadamu na kompyuta. Nilijaza fomu, nikaunganishwa na mhadhiri mmoja mwanamke wa chuo cha Ulaya. Tunaongea kwa video. Mama, huyu dada anasoma! Ninamtumia kurasa, hazimalizi wiki, zinarudi na maoni pembeni, mengine marefu kuliko nilichoandika mimi. Ameniambia bila kuficha kwamba ndani ya tasnifu yangu kuna tasnifu mbili, na kwamba niiache programu nibaki na wauguzi. Nikisoma alichosema naona ana haki. Lakini nusu anayotaka niiache ndiyo nusu ya Profesa.

Sasa kongamano hilo lina kikao cha wanafunzi wa uzamivu, na mlezi wangu amenisisitiza niombe. Muhtasari nimeshauandika, na nimeuandika kwa namna anavyoshauri yeye, wauguzi peke yao. Wanataka pia barua ya msimamizi. Nilimgusia Profesa habari hiyo koridoni baada ya semina. Akanijibu huku anatembea: "Kwanza makala, safari baadaye. Na msimwage data zetu kwa watu." Sikuongeza neno. Mwenzangu wa idara aliniambia kwamba miaka ya nyuma Profesa aliwahi kueleza wazo lake kwenye mkutano wa nje, baadaye akaliona limechapishwa na watu wengine.

Mlezi wangu anasema Profesa akichelewa, yeye yuko tayari kuniandikia barua. Profesa hajui kwamba nina mlezi. Kila nikitaka kumwambia naona kama namwambia kwamba yeye hanitoshi.

Baba watoto naye ana lake. Anasema nikimpita Profesa, nani atasaini fomu zangu? Tena tiketi na hoteli unalipa mwenyewe kwanza, wao wanakurudishia baadaye. Akiba tuliyonayo ni ya kupaua nyumba. Na mwenzetu mmoja chuoni alinyimwa viza mwaka jana akiwa na barua zote za mwaliko.

Siku ya mwisho ya maombi inakaribia. Je, nitumie barua ya mlezi? Nimwachie Profesa nafasi ipite? Na je, kumsikiliza mtu wa nje ni kumsaliti aliyenishika mkono? Naomba unishauri kama mwanao.

*Binti yako, Kanda ya Kati*

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo ulioubeba kimya kimya.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeuliza habari ya barua ya maombi, lakini naona mambo mawili yamejificha nyuma yake. Kwanza, una watu wawili wanaokupa ushauri unaopingana juu ya tasnifu yako, na mmoja wao hajui kwamba mwenzake yupo. Pili, muhtasari ulioandika tayari umeegemea upande mmoja. Kama ungeandika utafiti ule ule Profesa anaoujua, kumwomba barua kungekuwa jambo la adabu na muda tu. Ugumu ni kwamba akiusoma huo muhtasari atagundua kwamba mradi wake haumo.

Kwa faida ya wasomaji wengine, nieleze kidogo kikao chenyewe. Makongamano mengi ya kompyuta hutenga siku moja au mbili, mara nyingi kabla ya kongamano kuanza, kwa ajili ya kundi dogo la wanafunzi wa uzamivu. Kila mmoja hueleza utafiti wake mbele ya watafiti wazoefu, nao humuuliza, humkosoa na kumwelekeza. Hakuna alama, hakuna kufaulu wala kufeli. Wanaochaguliwa ni wachache, na makongamano kadhaa humpa mwanafunzi nafasi hiyo mara moja tu. Ndiyo maana huwa wanasisitiza uende ukiwa umeshapitishiwa pendekezo la utafiti, na bado una muda wa kutosha kubadilisha mambo. Ukienda ukiwa unaandika hitimisho, ushauri wao hautakuwa na pa kuingia.

Kwa hesabu hiyo huu ni wakati wako. Lakini fikiria na upande wa pili. Umesimama mbele ya jopo, umeeleza vizuri habari za wauguzi, na mtu wa kwanza kunyoosha mkono anakuuliza, "Msimamizi wako anasemaje juu ya mwelekeo huu?" Ni swali la kawaida sana kwenye vikao hivi, kwa sababu jopo linajua kwamba wao wataondoka na wewe utarudi kwake. Ungejibu nini leo?

Turudi koridoni. Profesa alisema "kwanza makala, safari baadaye," nawe ukasikia "hapana". Sina hakika kama alikataa. Huenda alidhani unaomba kwenda kuwasilisha makala ambayo haijaandikwa, na kwa safari ya namna hiyo jibu lake ni la mwalimu yeyote makini. Je, anajua kwamba hiki ni kikao cha kupewa ushauri, ambacho kinataka muhtasari wa kurasa chache na si matokeo yaliyokamilika? Mtu anayetembea kati ya semina na kamati hajibu swali, anajibu neno la kwanza alilolisikia.

Na hilo la data, usilichukulie kama wivu. Unafanya kazi kwenye zahanati, karibu na taarifa za wagonjwa. Vibali vya utafiti vya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) vina masharti, na mkataba wa mfadhili wa Profesa huenda una masharti yake juu ya kipi kitolewe na lini. Anayewajibika yakivunjwa ni yeye kama kiongozi wa mradi. Muhtasari wako unaweza kuandikwa bila kutaja zahanati wala namba hata moja ya wagonjwa, na hilo unaweza kumwonyesha kwa karatasi. Lakini kuna kitu ukikague kabla hujamkabili: je, muhtasari unachapishwa? Makongamano mengine huuchapisha pamoja na kazi nyingine za kongamano, mengine huuacha mikononi mwa jopo. Ukichapishwa, mara nyingi jina linalokaa juu yake ni la mwanafunzi peke yake. Kwa mtu aliyewahi kuona wazo lake limetoka kwa majina ya wengine, hilo lina sura mbili. Linaweza kumtuliza, kwa kuwa kazi inapata tarehe na jina la mtu wa nyumbani. Linaweza pia kumchoma, kama atakutana nalo mtandaoni kabla hujamweleza. Alisikie kutoka kwako.

Sasa mlezi wako. Nimefurahi umempata, nakwambia kweli. Wanafunzi wengi wa uzamivu katika vyuo vyetu hawajawahi kurudishiwa ukurasa wenye maoni ndani ya wiki. Ila nami nikuulize: yeye anajua kwamba ada yako inatoka kwenye mradi huo anaokuambia uuache? Sijaliona hilo kwenye barua yako. Msimamizi ni kama mwenye shamba, mlezi wa nje ni jirani anayepita na kukuonyesha kwamba mahindi yako yameingia viwavi. Jirani anaweza kuona kweli usiyoiona. Lakini hajui mbegu ulikopa kwa nani.

Kitaaluma, huenda ana haki. Tasnifu mbili ndani ya moja ni ugonjwa ambao majopo ya vikao hivi huukuta kila mara. Lakini hukumu yake inatoka mahali fulani. Katika taaluma yake, huko aliko, utafiti unaochimba jinsi watu wanavyofanya kazi unaheshimika bila programu yoyote kuambatana nao. Katika idara zetu nyingi za kompyuta, mtahini anafungua tasnifu akitafuta mfumo, na asipouona anauliza uko wapi. Hilo si suala la nani mjanja zaidi, ni desturi mbili tofauti. Nawe utatahiniwa huku. Je, unawajua watu wanaoweza kuteuliwa kuwa watahini wako? Umewahi kupitia tasnifu zilizopita katika idara yenu uone kama ipo iliyosimama bila programu?

Tena sioni kwa nini iwe kukata au kubaki na zote mbili zilivyo. Programu inaweza kupungua ikawa ya majaribio, sura moja tu, unayowawekea wauguzi mbele ili waseme wangeibadilisha vipi. Hapo inawatumikia wauguzi badala ya kugombania nao nafasi. Au unaweza kuijenga kama kazi yako ndani ya mradi, ukailipia ada kwa jasho hilo, lakini isihesabiwe katika tasnifu. Kila njia ina gharama. Ya kwanza inaweza isimridhishe mlezi, ya pili inaweza kukuchosha kwa kazi mbili, na zote zinahitaji Profesa akubali. Wapelekee wote wawili swali hilo hilo, kwa maneno yale yale, usikie.

Kuhusu barua ya mlezi, nina wasiwasi, na nitakueleza kwa nini ili uupime mwenyewe. Waandaaji hutaka barua ya msimamizi kwa sababu wanataka kujua kama yule anayebaki na mwanafunzi anaunga mkono safari hii, na mwanafunzi mwenyewe amefika wapi katika masomo yake. Barua ya mlezi haiwajibu hilo. Inaweza kukubaliwa, inaweza kukufanya uonekane huna msimamizi, na taaluma hii ni ndogo kuliko inavyoonekana. Watu wanajuana, habari zinafika. Mume wako aliposema habari ya fomu, alitaja sahihi kabla ya hela. Amekusoma vizuri. Sahihi ya Profesa utaihitaji kwenye ripoti za maendeleo, kwenye kuwasilisha tasnifu, kwenye kurefusha muda kama utapungukiwa.

Kuna mtu hukumtaja kabisa. Vyuo vyetu vingi humpa mwanafunzi wa uzamivu wasimamizi wawili. Kama unaye wa pili, anasemaje? Waandikie waandaaji uulize kama barua yake inakubalika. Ni mtu wa ndani, anaweza kuwa daraja. Wapo pia wanafunzi waliomwingiza mlezi wa nje rasmi kama msimamizi mwenza kupitia kurugenzi ya masomo ya uzamili na uzamivu. Ni njia ya polepole, inapita kwenye vikao, na haiwezi kuanza bila Profesa.

Upande wa hela na viza, hofu ya mume wako ina msingi. Kama kongamano liko Ulaya, viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za huko, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hela hiyo hairudi. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini kupata miadi ya kuwasilisha maombi ni foleni nyingine. Waandikie waandaaji mapema, uulize kama wanaweza kulipa tiketi na hoteli wao moja kwa moja badala ya kukurudishia. Wako wanaokubali wakielezwa. Uliza pia kama kushiriki kwa video kunaruhusiwa. Na usione kunyimwa viza kama aibu ya mtu binafsi. Mwaka 2018, kongamano kubwa la akili unde lilipofanyika Montreal, watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada, na kelele zake zilisikika dunia nzima. Kongamano lingine la fani hiyo, ICLR, lilipangwa kuja Addis Ababa mwaka 2020, korona ikalihamishia mtandaoni. Mwaka 2023 likafanyika Kigali.

Nalitaja hilo kwa sababu umeandika kana kwamba mlango ni huu mmoja. Kwa fani yako kuna AfriCHI, kongamano la Afrika la mawasiliano kati ya binadamu na kompyuta, lililoanza Nairobi mwaka 2016, likaenda Windhoek 2018 na East London, Afrika Kusini, 2023. Kuna ICTD, ya teknolojia na maendeleo, iliyokuwa Nairobi mwaka 2024. Deep Learning Indaba, iliyoanza Johannesburg mwaka 2017 na kufika Kigali 2025, ni ya akili unde zaidi kuliko kazi yako, ingawa ulezi wa vijana wameupa nafasi kubwa. Kongamano likija Nairobi au Kigali hutahitaji viza, na kwa basi unafika. Usiyahesabu haya kama mabaki ya Ulaya. Kwenye meza ya namna hiyo hutatumia dakika zako za kwanza kueleza zahanati ni nini, au kwa nini umeme ukikatika daftari ndilo linalobaki. Lakini sitakudanganya pia: baadhi hayafanyiki kila mwaka, na mlezi wako hatakuwepo.

Umeniuliza kama unamsaliti aliyekushika mkono. Mwanafunzi wa uzamivu hufundishwa na wengi, na Profesa mwenyewe hakukua kwa mwalimu mmoja. Nadhani kinachokuuma si kwamba unamsikiliza mtu wa nje, bali kwamba kila kikao cha video kinakuongezea kitu cha kutosema. Na kadiri muda unavyopita, habari ya mlezi inaacha kuwa habari njema ya mwanafunzi aliyejituma, inakuwa siri iliyofichuka.

Ukiamua kumwambia, usirudi koridoni. Omba miadi kwa katibu wake, mpe karatasi moja siku chache kabla: kikao ni nini, kinataka nini, nini hakitatajwa, siku ya mwisho ni lini. Mlezi mtaje kwa jina na kwa namna mlivyokutana, bila kumlinganisha naye. Na mgogoro wa nusu mbili, ulete kama swali lako wewe. Ukisema "mlezi amesema tukate," utakuwa umewagonganisha watu wasiojuana. Ukisema "Profesa, nimeanza kuona kazi imekuwa mbili, naomba tuangalie pamoja," umemrudisha kwenye kiti chake. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema subiri. Akisema subiri, muulize usubiri nini hasa: makala ipi, kibali kipi, tarehe gani. Mlezi wako hawezi kukukimbia kwa sababu ya mwaka mmoja. Na kama atakataa bila sababu na sura yako ibaki mezani kwake muhula mwingine, kuna mratibu wa masomo ya uzamivu katika kitivo chenu, na kuzungumza naye juu ya ucheleweshaji si kumshtaki mtu.

Jambo lingine nililoliona. Umenieleza mlezi anataka nini, Profesa anataka nini, baba watoto anaogopa nini. Sehemu pekee uliyoandika unachokitaka wewe ni pale ulipowaeleza wauguzi wanaobaki jioni wakijaza kishikwambi kwa kukumbuka. Kabla ya kuingia ofisini kwa Profesa, kaa na hilo ukijua kama ungelifuata hata kama hakuna anayekushauri, na kama programu iko ndani yake au la.

Waandaaji wakikujibu kuhusu barua ya msimamizi wa pili, niandikie tena unieleze walivyosema. Wasalimie watoto, na baba yao pia.